Kutoka Ploti ya Kayole hadi Kabati la Kioo: Lugha na Ziara za Makumbusho Jijini Nairobi

Utangulizi

Mtaa wa Kayole, ulioko mashariki mwa jiji la Nairobi, si mtaa unaotajwa sana panapozungumziwa makumbusho. Unapotajwa, aghalabu hutajwa kwa sababu ya majumba yake ya kupangisha yaliyobanana, kelele za matatu, na vijana wake wanaoifinyanga Sheng kila uchao. Hata hivyo, kuna jambo moja linaloufanya mtaa huu uhusiane kwa karibu mno na makumbusho. Katika ploti moja ya Kayole, chumba cha kwanza huenda kikawa cha mama aliyetoka Machakos, cha pili cha kijana aliyetoka Siaya, cha tatu cha familia iliyotoka Kisii, na cha nne cha mjane aliyetoka Murang'a. Wote huteka maji kwenye mfereji mmoja na kuanika nguo kwenye kamba moja. Wanapotaka kujuliana hali, kuombana chumvi au hata kugombana, lugha wanayoitumia ni Kiswahili.

Mtu akiingia katika ukumbi mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Nairobi atakutana na hali inayofanana na hiyo. Humo mna vibuyu vya jamii mbalimbali za Kenya vilivyowekwa pamoja. Kuna vyenye shingo ndefu na vyenye shingo fupi, vilivyonakshiwa kwa shanga na vilivyoachwa vitupu. Vibuyu hivyo ni majirani kama walivyo wapangaji wa Kayole. Tofauti ni kwamba wapangaji wa Kayole huzungumza wenyewe, ilhali vibuyu husemewa. Na sehemu kubwa ya maelezo yanayovisemea ni ya Kiingereza.

Makala haya yananuia kufafanua maana ya makumbusho, asili ya makumbusho ya jiji la Nairobi, na mambo ambayo mkazi wa Kayole anaweza kuyaona na kujifunza akiyazuru. Hoja kuu inayojengwa ni kwamba umbali uliopo kati ya Kayole na makumbusho si wa kilomita pekee. Ni umbali wa lugha pia, na wajibu wa kuupunguza unawahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Dhana ya Makumbusho

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbuka. Kitenzi hicho kinapotiwa kiambishi cha usababishi huwa kumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Kutokana na kumbusha huundwa nomino makumbusho. Kwa hiyo, kwa mujibu wa umbo la neno lenyewe, makumbusho si ghala la vitu vikuukuu. Ni mahali ambapo mtu anarudishiwa jambo alilolisahau au alilokuwa karibu kulisahau. Aidha, neno hili linadokeza kuwa anayezuru anayo kumbukumbu fulani tayari, kwani hawezi kukumbushwa mtu asichowahi kuwa nacho, yeye wala waliomzaa.

Nchini Kenya, neno makavazi nalo limepata matumizi mapana, hasa shuleni na katika vyombo vya habari. Wapo wanaolitumia kwa maana ile ile ya makumbusho, na wapo wanaolitengea mahali panapohifadhiwa nyaraka na kumbukumbu za maandishi. Huko Dar es Salaam, neno makumbusho limepiga hatua zaidi na kuwa jina la mahali. Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa katika miaka ya 1960 ili kuonyesha nyumba za asili za jamii za Tanzania, kimelipa jina eneo zima linalokizunguka pamoja na kituo cha daladala. Msafiri wa Dar es Salaam husema kwamba anashukia Makumbusho bila ya kuwa na nia ya kuona kibuyu wala ngoma. Neno limekuwa mali ya watu wote.

Jijini Nairobi hali ni tofauti. Wasafiri wengi hulitaja jumba la makumbusho kwa jina lake la Kiingereza, na wengi walioingia ndani waliingia mara moja tu, wakiwa wanafunzi wa shule ya msingi waliopangwa mistari na mwalimu. Baada ya siku hiyo, makumbusho hubaki kuwa mahali pa watalii.

Asili ya Makumbusho ya Nairobi

Ili kuelewa kwa nini hali iko hivyo, ni muhimu kuangalia jinsi makumbusho haya yalivyozaliwa. Reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mji ukaanza kukua kando ya kituo chake. Miaka kumi baadaye, mnamo 1909, walowezi, wamishenari na maafisa wa serikali ya kikoloni waliopenda elimu ya viumbe waliunda chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Mwaka wa 1910 chama hicho kilianzisha makumbusho madogo ya kuhifadhi ndege, wadudu, mimea na wanyama waliokuwa wakikusanywa na wanachama. Jumba kubwa zaidi lilijengwa baadaye kwenye kilima kilicho kaskazini mwa katikati ya mji, likafunguliwa mwaka wa 1930. Jumba hilo lilipewa jina la Coryndon, kwa kumkumbuka Gavana Robert Coryndon aliyefariki mwaka wa 1925.

Maelezo haya mafupi yanatosha kuonyesha kwamba makumbusho ya Nairobi hayakuanzishwa na jamii ambazo vitu vyake vimehifadhiwa humo. Yalianzishwa na wageni kwa ajili ya udadisi wao na kwa lugha yao. Baada ya Kenya kujipatia uhuru mwaka wa 1963, jina la Coryndon liliondolewa na makumbusho yakawa ya taifa. Kati ya mwaka wa 2005 na 2008 jumba lilifungwa ili kukarabatiwa na kupanuliwa. Lilipofunguliwa tena, kumbi zake zilikuwa zimepangwa upya kwa namna iliyoyapa nafasi kubwa maisha ya watu: kuzaliwa, kupashwa tohara, kuoa na kuolewa, kuzeeka na kufa. Isitoshe, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka wa 2006 iliimarisha wajibu wa serikali wa kulinda urithi wa nchi.

Ni wazi basi kwamba umiliki umebadilika. Makumbusho sasa ni mali ya mwananchi wa Kayole sawa na yalivyo mali ya mwananchi mwingine yeyote. Linalobaki ni mwananchi huyo kuvuka mlango na kujiona yuko kwao.

Njia ya Kutoka Kayole

Ziara ya makumbusho huanza kabla ya kufika makumbusho. Matatu inayotoka Kayole na kufuata Barabara ya Jogoo hupitia sehemu ambazo ni kumbukumbu tosha za historia ya Eastlands. Hupitia karibu na Makongeni na Kaloleni, mitaa iliyojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Ukumbi wa jamii wa Kaloleni ulikuwa uwanja wa mikutano ya kisiasa kabla ya uhuru. Mbele kidogo ni Muthurwa, ambako wafanyakazi wa reli waliishi, na upande wa pili ni Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hufua mabati kuwa masanduku, majiko na sufuria. Mtu anayetazama zana za wahunzi wa kale katika makumbusho yoyote ya Afrika Mashariki hana budi kukumbuka mlio wa nyundo za Kamukunji, kwani ufundi ni ule ule ingawa chuma sasa hutoka kiwandani. Si mbali na hapo ni Kariokor, mtaa ambao jina lake ni matamshi ya Kiafrika ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndugu yake ni Kariakoo ya Dar es Salaam. Majina haya mawili ni kumbukumbu za vita ambazo hazikuhitaji jumba. Zilihifadhiwa na ndimi za watu.

Matatu ikiwashusha abiria katikati ya jiji, jumba la kwanza wanaloweza kulizuru lipo hatua chache tu mbele yao. Hili ni jumba la Nyaraka za Taifa, lililo kati ya Barabara ya Moi na Barabara ya Tom Mboya, ambalo zamani lilikuwa la benki. Kila siku watu wengi huahidiana kukutana nje ya jumba hili. Husimama kivulini wakingojeana, wakatazama saa, kisha wakaenda zao. Wachache mno hujua kwamba ndani, kwenye ghorofa ya chini, kuna mkusanyo mkubwa wa sanaa za Kiafrika uliokuwa wa Joseph Murumbi.

Murumbi, aliyezaliwa mwaka wa 1911 kwa baba Mgoa na mama Mmaasai, alikuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya kwa miezi michache ya mwaka wa 1966. Baada ya kuondoka serikalini alijitolea kukusanya vinyago, nguo, mapambo, vitabu na stempu kutoka pembe zote za bara hili, na katika miaka ya 1970 alishirikiana na Alan Donovan kuanzisha jumba la sanaa lililotia fora jijini. Sehemu ya mikusanyo yake iliuzwa kwa serikali ya Kenya katika miaka hiyo ya 1970, ingawa kwa kuiuza ng'ambo angeweza kujitajirisha zaidi. Alifariki mwaka wa 1990. Anayesimama nje ya jumba hili akimngojea rafiki yuko umbali wa ukuta mmoja tu na hazina hiyo.

Sehemu nyingine ya mikusanyo ya Murumbi imo katika Nairobi Gallery, jumba dogo la mawe lililojengwa mwaka wa 1913 kwenye makutano ya Barabara ya Kenyatta na ile ya Uhuru. Wakati wa ukoloni jumba hili lilikuwa ofisi ya utawala, na humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilikosajiliwa. Hapo pia ndipo palipochukuliwa kuwa mwanzo wa kupimia umbali wa kwenda sehemu nyingine za nchi.

Wapenda historia ya usafiri wanaweza kuelekea katika Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971 karibu na kituo kikuu cha treni. Miongoni mwa vitu vilivyohifadhiwa humo ni behewa ambalo simba aliingia usiku wa mwaka wa 1900, huko Kima, akamtoa afisa wa polisi aliyeitwa Ryall na kumwua.

Makumbusho ya Taifa yenyewe yapo juu ya kilima. Mbali na vibuyu vilivyokwisha kutajwa, mzuru atakuta sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyepewa ulinzi wa amri ya rais mwaka wa 1970 na kufa mwaka wa 1974. Atakuta pia michoro ya watu wa jamii za Kenya iliyochorwa na Joy Adamson. Kubwa kuliko yote, atakuta habari za mifupa ya kijana wa Turkana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa hiyo iligunduliwa Nariokotome mwaka wa 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na elimu ndogo ya darasani lakini mwenye jicho ambalo wataalamu wa dunia nzima walilistahi hadi alipofariki mwaka wa 2022. Mtoto wa Kayole anayeambiwa kila siku kwamba elimu ni ya waliobahatika tu anastahili kulisikia jina la Kimeu, na kulisikia kwa lugha anayoielewa.

Vitu Visivyokuwapo

Ziara ya makumbusho haikamiliki bila kuuliza habari za vitu ambavyo havimo. Mfano mmoja ni vigango vya Wamijikenda. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, ambayo Wagiriama na jamii nyingine za Kimijikenda humsimamishia mzee wa chama cha Gohu baada ya kufariki. Kwa wenyewe, kigango si pambo. Ni mahali pa koma ya marehemu, na hakipaswi kung'olewa. Licha ya hayo, katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, hatimaye vikaishia katika makumbusho na vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka wa 2007 vigango viwili vilivyokuwa vimeibwa vilirudishwa kwa wenyewe kutoka huko, na mwaka wa 2019 vingine 30 viliwasili Kenya kutoka makumbusho ya Denver.

Vilevile, ngoma kuu ya Wapokomo iitwayo ngadji imo katika hifadhi ya British Museum mjini London tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Simba wawili waliowaua wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka wa 1898 wamekaushwa na kuwekwa katika makumbusho ya Field, mjini Chicago. Mnamo mwaka wa 2006, British Museum iliazima Nairobi baadhi ya vitu vya Afrika Mashariki vikaonyeshwa katika Nairobi Gallery. Maonyesho hayo yaliitwa Hazina. Jina lilikuwa la Kiswahili sanifu kabisa, lakini hazina yenyewe ilikuja kama mgeni na muda ulipokwisha ikarudi London. Mnamo mwaka wa 2021, maonyesho mengine yalifanywa katika Makumbusho ya Taifa kutokana na mradi wa watafiti na wasanii waliokuwa wakiorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika taasisi za ng'ambo. Orodha hiyo ilikuwa imepita vitu 32,000. Baadhi ya makabati yaliyoonyeshwa yaliachwa bila kitu, ili mtazamaji aone pengo.

Kenya haiko peke yake katika jambo hili. Mji wa Cusco, uliokuwa makao makuu ya himaya ya Wainka katika milima ya Andes nchini Peru, una makumbusho mengi ya sanaa na utamaduni. Hata hivyo, kwa karibu miaka mia moja, watu wa Cusco hawakuweza kuviona katika mji wao vitu vilivyochimbuliwa Machu Picchu. Vilikuwa vimepelekwa Marekani na mpelelezi Hiram Bingham, aliyefika Machu Picchu mwaka wa 1911, na vikahifadhiwa na Chuo Kikuu cha Yale. Baada ya madai ya muda mrefu, makubaliano yalifikiwa mwaka wa 2010, na kati ya 2011 na 2012 vitu hivyo vilirudishwa na kuwekwa katika jumba la kale liitwalo Casa Concha, mjini Cusco. Funzo la kisa hiki ni kwamba kilichochukuliwa hurudi pale wenyewe wanapokijua, wanapokitaja na wanapokidai. Jamii isiyojua jina la kitu chake haiwezi kukidai.

Lugha ya Kabati la Kioo

Hapa ndipo suala la lugha linapopata uzito wake. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 11 nayo inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Ukizisoma ibara hizi mbili kwa pamoja, ungetarajia kwamba utamaduni wa taifa ungeelezwa kwanza kwa lugha ya taifa. Katika makumbusho ya Nairobi, hata hivyo, Kiingereza ndicho kilichotamalaki katika maelezo yanayoandikwa kando ya vitu.

Huenda pakawa na atakayedai kwamba hili ni jambo dogo, kwa kuwa Wakenya wengi waliosoma wanakielewa Kiingereza. Dai hilo lina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, linawasahau wazazi. Mjane wa Kayole aliyetumia kibuyu utotoni mwake anakijua kibuyu kuliko aliyeandika maelezo, lakini akifika mbele ya kabati la kioo anakuwa mwanafunzi wa mjukuu wake, anayemsomea na kumtafsiria. Aliyepaswa kukumbushwa anageuzwa mtu asiyejua. Pili, Kiingereza hakina msamiati wa kutosha wa vitu hivi. Pale ambapo maelezo hutumia neno moja tu la Kiingereza, Kiswahili kina kibuyu, kina dundu kwa buyu kubwa, na kina kitoma kwa kibuyu kidogo cha kutilia maji au tembo. Pale ambapo Kiingereza husema ngoma na kukomea hapo, Mswahili hutenganisha msondo, vumi na chapuo, kila moja kwa umbo lake na sauti yake. Baragumu si siwa, na aliyeziona siwa mashuhuri za pwani, ile ya pembe za ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, anaelewa kwamba siwa haikupulizwa ovyo, bali ilikuwa alama ya mamlaka. Kigoda cha jikoni si kiti cha enzi. Tofauti hizi ndizo elimu yenyewe.

Ni kweli kwamba Kiswahili hakina jina la kila kitu kilichomo. Hakuna haja ya kulificha jambo hilo. Pale ambapo Kiswahili kimepungukiwa, majina yapo katika Kikamba, Dholuo, Ekegusii, Kigiriama na lugha nyinginezo, na Kiswahili kimekuwa kikikopa tangu enzi za majahazi bila kuona haya. Neno ngadji liko tayari kutumiwa. Kadhalika neno kigango. Maelezo ya Kiswahili yanayolitaja jina la asili la kitu, kisha kufafanua kazi yake, yatafanya kazi ambayo tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza haiwezi kuifanya. Hii ni kazi ya istilahi na tafsiri, nyanja mbili zinazofundishwa katika takriban kila idara ya Kiswahili nchini. Mada za tasnifu hutafutwa mbali, ilhali makabati yaliyojaa vitu visivyo na majina ya Kiswahili yapo juu ya kilima, safari ya matatu mbili kutoka Kayole.

Namna ya Kuzuru

Mzazi wa Kayole anayetaka kuwapeleka watoto wake makumbusho anakabiliwa na hesabu ngumu. Kiingilio cha raia ni cha chini kuliko cha mgeni, lakini nauli ya watu watano, kwenda na kurudi, pamoja na kiingilio na chakula, inaweza kumaliza kipato cha siku kadhaa. Kwa hiyo ni busara kuianza ziara mahali palipo karibu, kama vile jumba la Nyaraka, na kuiacha safari ya kilimani kwa siku ya likizo. Siku mbili za mwaka zinafaa kuzingatiwa na shule pamoja na vyama vya Kiswahili: tarehe 18 Mei, ambayo ni Siku ya Makumbusho Duniani, na tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka wa 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Mzuru asijaribu kuona kila kitu kwa siku moja. Achague vitu vichache, na kwa kila kimoja aulize maswali manne: Kinaitwaje katika lugha ya waliokiunda? Kilitumiwa na nani, lini? Kilifikaje hapa? Je, kipo kitu kama hiki nyumbani? Maswali haya aulizwe mwelekezi, na aombwe ajibu kwa Kiswahili, kwani si jambo la kumwia zito. Wazuru wakiomba Kiswahili kila siku, wasimamizi watajua kwamba kinahitajika. Kadhalika, mtoto apewe kazi ya kurudi na majina matatu mapya na kumwuliza bibi au babu kama anayafahamu. Mara nyingi mzee atakuwa na jina jingine, na pengine na kisa kinachoandamana nalo ambacho hakimo katika daftari lolote la makumbusho.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba makumbusho ya Nairobi yalizaliwa katika mazingira ya kikoloni, yakarithiwa na taifa huru, na kwamba yana hazina ambayo wakazi wa mitaa kama Kayole wana haki nayo. Yameonyesha pia kwamba baadhi ya hazina hiyo ingali ng'ambo, na kwamba kuidai kunaanza na kuijua na kuitaja. Wazee wanaoyajua majina na matumizi ya vitu hivi wanapungua kila mwaka, na wengi wao sasa wanaishi mitaani pamoja na wana wao, mbali na mashamba walikozaliwa. Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili zishirikiane na wasimamizi wa makumbusho kuandaa maelezo ya Kiswahili, na kwamba wanafunzi watumwe mitaani kuyakusanya majina hayo kabla hayajapotea. Katika ploti ile ya Kayole, mjane wa Murang'a na mama wa Machakos wanaweza kukaa kwenye kizingiti jioni moja na kumwambia mwanafunzi, kwa Kiswahili, kila mmoja wao alivyokiita kibuyu cha nyumbani kwao. Mwahala mwa kuanzia ni hapo.